Ushauri: Tulinunue Gari la Zimamoto la Mtumba?

SWALI: Sisi ni wafanyabiashara wa Bariadi mjini, na baadhi yetu tuna maghala ya pamba. Tumechanga fedha tuagize gari la zimamoto lililotumika Japani, tuukabidhi mji. Dalali katutumia picha: linang'aa, la mwaka 1998, limetembea kilomita 28,000 tu. Tulipe?
Mweka hazina, Bariadi

JIBU: Msilipe kwanza.

Nendeni kwa Kamanda wa Zimamoto na Uokoaji wa mkoa. Tangu sheria ya mwaka 2007, kazi hii imo mikononi mwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, si halmashauri. Askari wa kuliendesha na mafuta yake vitatoka huko, la sivyo mtakuwa mmenunua pambo la uwanjani. Wawajibu kwa barua kama watalipokea, na wanataka la aina gani. Hapo hapo ulizieni habari za ushuru wa TRA na ukaguzi wa TBS.

Kilomita hizo zisiwalevye. Gari la zimamoto huchakaa likiwa limesimama, injini ikizungusha pampu. Ulizeni injini imefanya kazi saa ngapi, kisha fundi wenu aione pampu ikisukuma maji. Viwango vya zimamoto vya Marekani (NFPA) hutaka pampu ijaribiwe kila mwaka kwa dakika 40, 20 za mwanzo kwa uwezo wake wote. Hushauri pia magari yaliyopita miaka 25 yapumzishwe. La dalali wenu limeshapita.

Linalonitia shaka zaidi ni tangi. Magari mengi ya mijini Japani hubeba maji kidogo, mengine hayana tangi kabisa, maana kule huunganishwa na bomba la mtaani. Lita 1,500 kwa mpira unaotoa lita 500 kwa dakika ni dakika tatu tu. Na pamba mnaijua: robota hufukuta ndani kwa ndani, ukidhani umezima, kesho linawaka tena. Tafuteni la lita 4,000 au zaidi. Maji hayo peke yake ni tani nne, kwa hiyo kagueni springi na breki, wala msikubali fundi wa kuchomelea abandike tangi kubwa kwenye gari dogo.

Pampu ivute pia maji ya lambo mbele yenu. Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Bariadi iko juu zaidi. Huku hewa ni nyepesi, hivyo pampu haivuti kutoka kina ambacho ingevuta Dar es Salaam. Viungio vya mipira navyo vilingane na vya Jeshi, maana vya Kijapani huenda visishikane navyo.

Fedha isipotosha, mimi ningenunua boza la maji lililo zima, pampu ya kubeba na mipira, nikaviweka karibu na maghala kabla msimu wa pamba haujafunguliwa. Namba ya dharura ya zimamoto, 114, iandikwe kwa rangi kwenye kila mlango wa ghala.