Masta Ukiwa Ngokolo: Vidokezo vya Kuomba na vya Kungoja Majibu

Agosti ikiingia, steshenari zinaanza kupokea watu wenye bahasha za kaki: mwalimu, nesi wa kituo cha afya, kijana aliyetoka shifti ya mgodini na ana siku chache za mapumziko. Wote wamekuja kuskani vyeti. Wanaomba masta, wengine hapa nchini, wengine Uingereza, Ujerumani au Marekani. Nionavyo mimi, wengi wanaokosa nafasi kutoka huku kwetu hawaangushwi na uwezo wa darasani. Wanaangushwa na karatasi na kalenda, na hayo mawili yanarekebishika.

1. Anza na jina lako

Kabla hujafungua fomu yoyote, tandaza mezani cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha sita, cha chuo, kitambulisho cha NIDA, na pasipoti kama unayo. Soma jina herufi kwa herufi. Usukumani tuna majina yenye ng', na ile alama ndogo ya juu ndiyo inayosumbua. Ng'washi wa cheti cha kuzaliwa anageuka Ngwashi kwenye cheti cha NECTA, kisha akifika kwenye kitambulisho amepungukiwa herufi nyingine. Kuna pia walioandikishwa shuleni kwa jina la babu, wakaja kupata kitambulisho kwa jina la baba. Hapa Ngokolo, Shinyanga mjini, kila mtu anajua ni wewe. Ofisa udahili aliyeko Leeds anaona watu wawili.

Tofauti ikiwa ndogo, hati ya kiapo mbele ya wakili kwa kawaida inatosha. Ikiwa jina zima ni jingine, muulize wakili kuhusu hati ya kubadili jina, na ufanye hivyo miezi kadhaa kabla. Kama huna pasipoti, iombe mapema. Ada yake ni shilingi 150,000 na inadumu miaka 10. Jina la kwenye pasipoti ndilo litakalokufuata mpaka kwenye viza na tiketi, kwa hiyo jaza hilo hilo kila mahali. Mfumo ukikataa alama ya ng', iache alama, usiongeze wala usipunguze kingine.

2. Saa zao si saa zetu

Chukua mfano wa Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza kwa masta ya mwaka mmoja. Mwaka 2024 maombi yalifunguliwa mwanzoni mwa Agosti na kufungwa Oktoba 8, saa 12:00 mchana kwa saa za UTC. Mtu akiisoma haraka anaweza kudhani ni saa kumi na mbili, ya asubuhi au ya jioni. Ni saa tisa alasiri ya hapa kwetu. Anayesubiri atoke kazini ndipo akae kwenye kompyuta anakuta mlango umefungwa.

Chuo cha Ujerumani kikiandika saa 23:59 mwezi Januari, kwetu ni saa nane kasoro dakika moja usiku, na tarehe imeshabadilika. Kile cha New York kikiandika hivyo hivyo mwezi Desemba, kwetu ni saa mbili kasoro dakika moja asubuhi ya kesho yake. Andika saa hizo ukutani kwa Kiswahili, kisha jiwekee siku yako ya mwisho wiki moja nyuma. Umeme unaweza kukatika, bando linaweza kuisha, na siku ya mwisho mifumo yenyewe huelemewa na watu wa dunia nzima.

3. Wadhamini ni watu, wape muda

Mhadhiri wako wa zamani ana wanafunzi mamia. Ukimpigia simu wiki moja kabla ya mwisho atakuandikia barua ya mistari mitano inayosema wewe ni mtu mwenye bidii na nidhamu, na barua ya namna hiyo haimsaidii mtu. Mwombe miezi miwili kabla. Mtumie wasifu wako, rasimu ya maelezo yako binafsi, matokeo yako, na mkumbushe kwa adabu kazi uliyomfanyia: utafiti wako wa mwaka wa mwisho ulihusu nini, na ulipata alama gani kwenye somo lake. Hapo atakuwa na cha kuandika.

Jambo moja dogo limewaponza wengi. Mifumo ya vyuo vya nje humtumia mdhamini kiungo kwa barua pepe, na baadhi ya vyuo havitaki anwani ya Gmail, vinataka ya taasisi. Muulize mwalimu wako anwani ya chuo anayoifungua kweli. Kama mdhamini wako ni bosi wa mgodini Bulyanhulu au Geita, uliza pia ratiba yake ya kuingia na kutoka kambini, usije ukamtumia kiungo siku anayopanda gari kwenda likizo.

4. Andika ukiwa umesimama hapa

Kidokezo hiki nakipenda kuliko vingine, nitakaa nacho kidogo.

Maelezo binafsi mengi huanza kwa sentensi kwamba tangu utotoni mwandishi amekuwa na shauku ya elimu. Msomaji wa kamati amezisoma sentensi hizo mpaka amechoka. Ambacho hajakisoma ni Shinyanga ikielezwa na mtu aliyeiona kwa macho yake.

Mkoa huu umeandikwa sana na wageni. Hans Cory alitoa kitabu juu ya sheria na mila za Wasukuma mwaka 1953. Ray Abrahams wa Cambridge aliandika juu ya sungusungu. Ngitili, yale malisho tunayoyafunga wakati wa mvua ili mifugo ipate majani kiangazi, yanatajwa na wasomi wa misitu na tabianchi duniani kote kwa sababu ya mradi wa HASHI, ulioanza 1986 na kuwasaidia wanakijiji kurudisha miti kwenye mamia ya maelfu ya hekta zilizokuwa zimekwisha. Mwanafunzi wa chuo cha Wageningen, Uholanzi, anaisoma ngitili kwenye makala. Wewe huenda babu yako alikuwa nayo, na umewahi kuona watu wakigombana kuhusu nani aingize ng'ombe kwanza.

Nesi aliyefanya kazi karibu na machimbo ya Geita amekutana na akina mama wanaoshika zebaki kwa mikono mitupu wakichenjua dhahabu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata juu ya zebaki mwaka 2020, na bado kazi hiyo inaendelea. Huo ni mwanzo wa maombi ya masta ya afya ya jamii. Mhasibu wa Kahama ameona mji ulivyotikisika mgodi wa Buzwagi ulipofungwa mwaka 2021. Hayo ni maombi ya uchumi, au ya mipango miji. Mwalimu wa shule ya kata anajua madarasa yanavyopungua watoto msimu wa pamba, au pale mtaa mzima unaposikia kuna rashi ya dhahabu mahali. Andika hilo, kwa tarehe, kwa idadi uliyoihesabu mwenyewe, kwa jambo ulilojaribu kulifanya na likafika wapi. Kisha sema ni ujuzi gani unaukosa, na ni kozi ipi ya chuo hicho itakupa.

Usiogope kwamba mambo ya kwenu ni madogo. Na usijipambe kwa umaskini ili uonewe huruma. Kamati inatafuta mtu wa kusoma naye.

5. Hesabu kazi uliyofanya, hata isiyolipwa

Chevening wanataka miaka miwili ya uzoefu, nao wanaihesabu kwa saa: 2,800. Kazi ya kujitolea na mafunzo kwa vitendo huingia humo. Miezi uliyojitolea kufundisha ukingoja ajira ya serikali, ihesabu. Omba barua ya uthibitisho kabla mkuu wa shule hajahama.

6. Usiruke vyuo vya nyumbani

Hapa nchini hakuna mfumo mmoja wa kuombea masta. Unaomba chuoni moja kwa moja, na kila chuo kina dirisha lake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shule ya madini na jiosayansi. Taasisi ya Nelson Mandela iliyoko Arusha inafundisha ngazi ya uzamili na uzamivu tu. Mwanza kuna Mtakatifu Augustino na Bugando. Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi kina kampasi hapo Kizumbi, na Chuo Kikuu Huria kina kituo mjini Shinyanga, ambapo mwalimu anaweza kusoma bila kuacha kituo chake cha kazi wala watoto wake. DAAD wa Ujerumani hufadhili pia masomo ndani ya Afrika. Ninashauri kila anayeomba nje awe na angalau chuo kimoja cha ndani kwenye orodha yake, akiombe kwa uzito ule ule.

7. Pesa kabla ya pesa

Vyuo vya Marekani hutoza ada ya maombi, mara nyingi kati ya dola 50 na 100, vingine zaidi. Andikia ofisi ya udahili uombe msamaha wa ada. Barua fupi ya heshima inatosha, na baadhi hukubali. Mtihani wa Kiingereza nao ni gharama, pamoja na nauli ya Dar, kwa hiyo uliza kwanza kama chuo kinakubali barua ya chuo chako ikithibitisha kwamba ulisoma kwa Kiingereza. Vipo vinavyokubali. Ukifanya IELTS au TOEFL, matokeo yanadumu miaka miwili, yanaweza kukufaa hata msimu ujao.

Na asikudanganye mtu: Chevening haina ada ya maombi. Anayekutumia ujumbe wa WhatsApp akitaka hela ya kuharakisha faili lako ni tapeli, hata akitumia nembo ya ubalozi.

8. Mtumishi wa umma, anza na barua ya ruhusa

Barua kwa mkurugenzi hupita kwa mkuu wa shule na kwa ofisa elimu, na kila meza ina siku zake. Uliza mapema kama upo kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri. Nakusihi usingoje ofa ndipo uanze kuomba ruhusa. Ofa ina tarehe ya mwisho ya kuikubali, na hakuna chuo kitakachosubiri mhuri wa manispaa.

Zungumza na mwenzi wako pia, sasa. Tangu Januari 2024 Uingereza hairuhusu wanafunzi wengi wa masta ya darasani kwenda na familia, isipokuwa wanaosoma kwa utafiti au wanaofadhiliwa na serikali. Hata kwa wenye ruhusa hiyo, Chevening haigharamii wategemezi. Mume au mke asilisikie hilo siku ya viza.

9. Waambie nyumbani mwezi, usiwaambie tumaini

Ukishatuma, watu wataanza kuuliza. Mama atauliza, shangazi atauliza baada ya misa pale Kanisa Kuu, jirani atauliza akikuona na begi. Wanauliza kwa upendo, lakini ukijibiwa "bado" na moyo wako mwenyewe kila siku, na bado ukaulizwa na mtaa, unaishiwa nguvu. Waambie mapema: usaili wa Chevening huwa kati ya Februari na Aprili, na majibu ni kuanzia Juni. Vyuo vya Marekani hujibu zaidi Februari hadi Aprili. Mzazi akijua ni Juni, Machi atakuuliza habari nyingine.

Juni ina faida yake huku. Msimu wa kuuza pamba unakuwa umefunguliwa, na kama familia inalima, hapo ndipo panapopatikana fedha za viza na kipimo cha kifua kikuu ambacho Uingereza inakitaka kwa anayetoka Tanzania kukaa zaidi ya miezi sita. Kaeni mzungumze kabla pesa hiyo haijapangiwa bati.

10. Kimya si jibu

Mwenzako akipata ofa wiki hii na wewe hujapata, haimaanishi umekataliwa. Vyuo vingi hutoa majibu kwa mafungu. Fungua barua pepe mara moja kwa siku, pamoja na folda ya barua taka. Tarehe waliyoitaja ikipita, subiri wiki moja, kisha andika mistari mitatu: jina, namba ya maombi, swali. Usiwaandikie kila Jumatatu.

Katikati ya hapo, fanya kazi yako. Chukua darasa la ziada, endelea na kilimo, omba nafasi nyingine, oa au olewa kama ulikuwa umepanga. Wapo vijana wazuri waliosimamisha kila kitu miezi minane, na inaniuma kuwaona.

11. Majibu yakija

Ukikataliwa, omba maoni kama wanayatoa. Hifadhi vyeti ulivyoskani, na ujaribu tena msimu unaofuata kwa maelezo yaliyoandikwa upya. Wako wanaopata mara ya pili au ya tatu.

Ukiwekwa kwenye orodha ya kusubiri, andika barua moja kusema bado unakitaka chuo hicho, na ongeza jambo jipya kama lipo: kazi mpya, makala, matokeo.

Ukipata ofa yenye masharti, soma sharti moja moja na tarehe yake. Ukipata ofa ya Marekani yenye ufadhili, ujue vyuo vingi vimekubaliana visikulazimishe kujibu kabla ya Aprili 15, kwa hiyo una haki ya kusubiri majibu mengine mpaka siku hiyo. Na ukishachagua, waandikie uliowaacha siku hiyo hiyo. Nafasi yako inaenda kwa mtu mwingine aliye kwenye orodha, labda yuko Kahama, labda Kampala. Kisha wapigie simu wadhamini wako uwaambie umepata wapi, kabla hawajasikia kwa watu.