SOMO LA MAKATIBU: KUPANGA NAFASI YA TOVUTI YA CHAMA

Chama cha msingi kinachouza kahawa, asali au mchele hakiwezi kumfikia kila mnunuzi kwa miguu. Tovuti humwezesha mnunuzi aliye mbali kuona mazao ya chama, madaraja yake, msimu wake na namna ya kuagiza, hata usiku ofisi ikiwa imefungwa. Lakini kabla tovuti haijaonekana, chama hulazimika kufunga mkataba wa kupanga nafasi. Mkataba huo hulipiwa kwa fedha za wanachama. Hivyo yafaa uchunguzwe kwa uangalifu ule ule unaotumika katika kupanga ghala la mazao.

1. Jina na nafasi

Tovuti huhitaji vitu viwili: jina na nafasi. Jina ni anwani anayoiandika mnunuzi, kwa mfano ile inayoishia kwa .co.tz au .or.tz. Nafasi ni sehemu ndani ya seva, yaani kompyuta isiyozimwa usiku wala mchana, ambamo maandishi na picha za tovuti huwekwa. Jina husajiliwa, nafasi hupangwa. Chama chaweza kumhama mpangishaji mmoja kwenda kwa mwingine na kubaki na jina lake, kama mfanyabiashara ahamavyo chumba cha duka bila kubadili jina la biashara.

Hapa ndipo penye hatari kubwa. Fundi aliyetengeneza tovuti akilisajili jina kwa niaba yake mwenyewe na kwa barua pepe yake, basi mbele ya msajili mwenye mali ni yeye, si chama. Siku akihama, au wakikosana, chama kilichokwisha kuchapa anwani hiyo juu ya magunia na ankara kitajikuta kikimbembeleza mtu kwa kitu kilichonunuliwa kwa fedha zake chenyewe. Kwa hiyo jina lisajiliwe kwa jina la chama, na stakabadhi iandikwe vivyo hivyo. Tena barua pepe inayotolewa kwa msajili isiwe ile inayotumia jina hilohilo, kwani jina likiisha muda, barua pepe hiyo nayo hunyamaza, na ilani ya msajili haitafika.

2. Aina za nafasi

Aina ya kwanza ni nafasi ya pamoja. Tovuti nyingi hukaa ndani ya seva moja, kama wakulima wengi wanaoweka magunia katika ghala moja. Bei yake ni ndogo, na kazi ya kuitunza seva ni ya mpangishaji. Upungufu wake ni kwamba jirani mwenye wageni wengi kupita kiasi aweza kuwachelewesha wengine.

Aina ya pili ni seva pepe. Hiki ni chumba chenye kufuli lake ndani ya ghala hilo. Kina nguvu zaidi, lakini mara nyingi mpangaji hutakiwa kukitunza mwenyewe, na chama kisicho na mtaalamu kitalazimika kumlipa mtu.

Aina ya tatu ni seva nzima, sawa na kupanga ghala zima. Hiyo huwafaa wenye shughuli kubwa. Kwa chama cha msingi chenye tovuti ya kujitangaza na kupokea maagizo machache, nafasi ya pamoja kwa kawaida hutosha.

3. Kupima mahitaji

Chukulia mfano wa chama chenye tovuti ya kurasa 20 na picha 150, kila picha kilobaiti 400. Picha zote ni kilobaiti 60,000, yaani megabaiti 60 tu. Kikiwa na masanduku matano ya barua pepe ya gigabaiti 1 kila moja, jumla haifiki gigabaiti 6. Mpango wa gigabaiti 10 unatosha na kubakiza.

Halafu ipimwe njia, yaani wingi wa data inayosafiri kila mwezi. Wageni 1,500 wakifungua kurasa nne kila mmoja, hizo ni kurasa 6,000. Ukurasa mmoja ukiwa megabaiti 2, jumla ni megabaiti 12,000, karibu gigabaiti 12. Chama hiki hakina sababu ya kulipia mpango wa gigabaiti mia kadhaa. Na mpango unaotangazwa kuwa hauna kikomo usomwe masharti yake, kwa maana mara nyingi kikomo kimewekwa kwa njia nyingine, kama vile idadi ya mafaili.

4. Bei ya kweli

Bei ya tangazo mara nyingi ni ya mwaka wa kwanza peke yake. Tuseme Mpango A unauzwa shilingi 40,000 mwaka wa kwanza, kisha shilingi 180,000 kila mwaka. Mpango B ni shilingi 120,000 kila mwaka. Kwa miaka mitatu Mpango A hugharimu shilingi 400,000, na Mpango B shilingi 360,000. Ulioonekana rahisi ndio ghali. Kwa hiyo Bodi na iletewe hesabu ya miaka mitatu, ikionyesha pia ada ya jina, kodi, na kama malipo ni ya dola, ambayo thamani yake hubadilika.

5. Maswali ya kumwuliza mpangishaji

(a) Nakala za akiba huwekwa wapi? Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la seva la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, na tovuti nyingi zikazimika. Waliokuwa na nakala mahali pengine waliweza kuanza tena. Baadhi ya wale ambao nakala zao zilikuwa palepale walipoteza kila kitu. Chama kiwe na nakala yake ofisini, mbali na mpangishaji.

(b) Seva huwa hewani kwa kiasi gani? Mwaka una saa 8,760. Ahadi ya asilimia 99.9 huruhusu kuzimika kwa saa 9 hivi kwa mwaka. Asilimia 99 huruhusu zaidi ya siku tatu na nusu.

(c) Je, cheti cha usalama, kinachoifanya anwani ianze kwa https, kimo katika bei? Shirika la Let's Encrypt hutoa vyeti hivyo bila malipo, hivyo chama kisikubali kutozwa fedha nyingi kabla ya kuuliza.

(d) Kukiwa na hitilafu, nani hujibu, kwa lugha gani, na saa ngapi?

(e) Chama kikitaka kuhama, kitakabidhiwaje mafaili yake?

6. Wajibu wa katibu

Tarehe za kulipia jina na nafasi ziandikwe katika daftari la mikataba, na malipo yafanywe mwezi mmoja kabla. Jina lililoachwa laweza kusajiliwa na mtu mwingine. Maneno ya siri yafungwe ndani ya bahasha, yawekwe katika sanduku la fedha, na yawemo katika orodha ya makabidhiano kila katibu anapobadilika. Kisha katibu mpya ayabadilishe. Rejesta ya wanachama na namba zao za simu isiwekwe kwenye tovuti, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamdai anayeshika taarifa za watu azilinde.

Maswali ya kujadiliwa

1. Jina la tovuti ya chama chenu limesajiliwa kwa nani? Ushahidi u wapi?
2. Mpango mlio nao utagharimu kiasi gani kwa miaka mitatu?
3. Seva ikiungua usiku wa leo, kesho asubuhi chama kitakuwa na nini mkononi?