Damu ya Mama Humlisha Mtoto

Mama akishika mimba, kondo la nyuma hujijenga kwenye ukuta wa mji wa mimba. Wiki 10 hivi za mwanzo, damu ya mama huingia humo kidogo tu. Mtoto hulishwa na majimaji ya mji wa mimba. Kisha njia hufunguka, damu huja kwa wingi. Huleta chakula na hewa safi, lakini haichanganyiki na damu ya mtoto.

Vijidudu vya malaria hupenda kujificha katika kondo. Huzuia chakula kupita. Mtoto huzaliwa mdogo, au mimba huharibika.

Mama, usingoje tumbo lionekane. Nenda kliniki kabla ya wiki 12. Lala ndani ya chandarua chenye dawa. Ukiona damu, hata matone, usiseme ni kawaida. Nenda zahanati siku hiyo hiyo.