Kusafisha Utumbo Kabla ya Kipimo cha Kamera: Dawa Ipi, na Inywewe Saa Ngapi?

Sisi wakazi wa Nyarugusu tunajua maana ya kusubiri rufaa. Mama mmoja wa kijiji chetu alisubiri miezi mingi. Alikuwa akipata choo chenye damu, na daktari akaagiza apimwe utumbo mpana kwa kolonoskopi, yaani kipimo cha mpira mwembamba wenye kamera unaoingizwa kwa njia ya haja kubwa. Siku ikafika, akaingizwa chumbani, na baada ya muda mfupi akatolewa. Utumbo ulikuwa na mabaki ya maharage na maganda ya mahindi, kamera haikuona kitu. Akarudi kambini bila jibu, akaanza kusubiri upya.

Mimi ndiye niliyemsindikiza, na karatasi ya maelekezo nilimsomea mimi. Tuliisoma haraka haraka. Nayaandika haya ili wewe usirudishwe.

Kwa nini utumbo uwe safi kabisa? Kwa sababu daktari anatafuta vidonda, mahali panapovuja damu, na vinyama vidogo vinavyoota ndani ya utumbo. Baadhi ya vinyama hivyo huweza kugeuka saratani baada ya miaka. Kinyama cha ukubwa wa punje ya mahindi kikifunikwa na choo, hakionekani.

Sasa tuangalie dawa zenyewe. Inayotumika sana ni unga wa polietilini glaikoli, kwa kifupi PEG. Huchanganywa na maji, mara nyingi lita 4, ingawa kuna aina za lita 2. Watu wakiona pakiti ya unga mweupe hudhani ni ORS. Si ORS, na moja haichukui nafasi ya nyingine. ORS imetengenezwa ili maji yaingie mwilini haraka. PEG imetengenezwa ili maji yabaki ndani ya utumbo na kusukuma uchafu mpaka nje. Kwa hiyo haimkaushi mtu sana. Ubaya wake ni wingi na ile ladha ya chumvi chumvi. Ukifika lita ya tatu inakinaisha kweli. Usiongeze sukari. Iweke kwenye chombo safi chenye mfuniko, uchovye chombo ndani ya beseni la maji ya baridi, hunyweka vizuri zaidi.

Ipo pia dawa ya pikosulfeti iliyochanganywa na magnesi. Hii ni pakiti 2 ndogo, kila moja kwa maji kidogo tu, na haichoshi mdomo. Lakini yenyewe huvuta maji kutoka mwilini, hivyo ni lazima unywe maji mengine mengi, na hapo ORS inafaa sana. Mwenye ugonjwa wa figo aseme mapema, kwani huenda asipewe.

Wazee wetu watakuambia chumvi ya haluli au mafuta ya nyonyo yanatosha. Ni kweli yanaharisha, lakini mtu anaweza kuharisha mara kumi na utumbo usiwe safi kwa kamera. Usijichanganyie dawa yako. Hata dawa za hospitali zina historia: ile ya fosfeti ya sodiamu, iliyopendwa kwa uchache wake, iliwaharibu watu wengine figo, na mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali juu yake. Enema nayo huosha sehemu ya mwisho tu. Utumbo mpana una urefu wa kama mita moja na nusu, maji yale hayafiki mwanzo wake.

Yule mama alipewa PEG, dawa nzuri. Kilichomponza ni kwamba aliinywa yote jioni, na jana yake mchana tulikula maharage.

Ukinywa yote jioni, usiku kucha utumbo mwembamba unaendelea kuteremsha nyongo na majimaji mazito, na asubuhi upande wa kulia wa utumbo mpana umeshapakwa tena. Ndiyo maana siku hizi hushauriwa kugawa dawa mara mbili. Tuseme kipimo ni saa 4 asubuhi na dawa ni lita 4. Lita 2 anza saa 12 jioni, glasi moja kila dakika 15, utamaliza saa 2 usiku. Lita 2 nyingine anza saa 11 alfajiri, umalize saa 1. Baada ya saa 2 asubuhi usinywe kitu chochote. Ukipata kichefuchefu, pumzika nusu saa kisha endelea. Choo cha mwisho kiwe maji ya njano yanayopenya mwanga, kama mkojo. Kikiwa bado cha kahawia, mwambie muuguzi kabla hujaingia.

Chakula ndicho kigumu kwetu, maana mgao ni mahindi na maharage. Siku ya kabla ya kipimo (hospitali nyingine husema siku 3, fuata karatasi yako) acha hivyo, pamoja na sombe, karanga, mapera na mboga zote za majani. Kula wali mweupe, ugali wa sembe, yai au samaki. Ukishaanza dawa ni vinywaji vya kupenya mwanga tu: maji, chai ya rangi, supu iliyochujwa. Usinywe kitu chekundu, kitadhaniwa ni damu. Vidonge vya kuongeza damu huachwa siku kadhaa kabla, kwa ruhusa ya daktari. Mwenye kisukari, mjamzito, au anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda aulize kwanza. Na kama tumbo limevimba, unatapika na choo hakitoki kabisa, usinywe dawa yoyote ya kuharisha. Nenda zahanati siku hiyo hiyo.

Jambo la mwisho ni safari. Dawa hii hainywewi ndani ya gari. Omba kwa ofisi ya rufaa ufike hospitali siku moja kabla, na uliza mapema utalala wapi na choo kiko umbali gani. Chukua tochi, ndoo yenye mfuniko, sabuni, kanga ya ziada na mtu wa kukusindikiza. Mama yetu amepata tarehe mpya, na mchele wake wa siku ile tumeshauweka pembeni.