MBOLEA, KIVULI NA LISHE YA MCHICHA

Wananchi wanaolima mboga za majani Unguja na Pemba, pamoja na watumishi wa Serikali wenye vitalu majumbani mwao, wanafahamishwa kwamba jani kubwa lililokoza rangi si lazima liwe ndilo lenye lishe bora. Mchicha wa mbegu moja, uliopandwa siku moja, huweza kutofautiana kwa virutubisho kwa sababu ya mbolea, mwanga na saa ya kuvunwa.

Kubwa kuliko yote ni naitrojeni. Mbolea ya Urea ina asilimia 46 ya naitrojeni, nayo hugeuka haraka udongoni kuwa naitreti. Mchicha huifyonza naitreti hiyo na kuijenga kuwa protini kwa nguvu itokanayo na mwanga wa jua. Ikizidi, mmea hushindwa kuijenga yote. Ziada hubaki katika majani na, zaidi, katika vikonyo na mashina, na vitamini C nayo hupungua. Hata hivyo si haki kuilaumu naitrojeni kwa kila jambo. Mchicha ulionyimwa mbolea kabisa hupauka, na karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, huwa haba. Kosa ni la mkulima anayetia Urea siku chache kabla ya kuvuna ili fungu linenepe sokoni.

Wapo wanaosema kwamba samadi huondoa tatizo hili. Kauli hiyo ni kweli nusu. Samadi iliyooza vizuri huachia naitrojeni kidogo kidogo, lakini ya kuku, ikimwagwa kwa wingi, huweza kujaza naitreti sawa na mbolea ya chumvichumvi. Katika ardhi ya maweni faida ya mboji ni ya namna nyingine: chokaa iliyomo humo huzuia mizizi kupata madini ya chuma na zinki, na mboji husaidia kuyafungua.

Kivuli huongeza naitreti na kupunguza vitamini C. Kwa hiyo vitalu vilivyo chini ya minazi iliyosongamana, au vilivyokuzwa katika mawingu ya masika, vipewe mbolea kidogo kuliko vya kiangazi. Kwa sababu hiyo hiyo, mchicha uliochumwa alasiri huwa na naitreti kidogo kuliko wa alfajiri. Lakini usiachwe juani ukanyauka, kwani vitamini C hupotea upesi.

Kwa mtu mzima mwenye afya, mboga hizi ni kinga na hazipasi kuogopwa. Kiwango cha naitreti kilichokubaliwa na FAO na WHO ni miligramu 3.7 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Kwa mtoto wa kilo 10 ni miligramu 37 tu. Hatari zaidi ni kwa mtoto mchanga: bakteria huigeuza naitreti kuwa naitriti, ambayo huizuia damu kubeba oksijeni. Mchicha wa mtoto anayeanzishwa chakula uondolewe vikonyo, upikwe na kuliwa papo hapo, wala usilazwe nje na kupashwa moto asubuhi.

Wakulima wenye shaka juu ya kiasi cha mbolea wamwone bwana shamba au bibi shamba wa eneo lao kabla ya kupanda.