Madoa Meusi ya Kuta za Nje, na Namna ya Kuyatibu Kabla ya Kupaka Rangi

Katika pwani yetu, tangu Lamu hata Dar es Salaam, na visiwani Unguja na Pemba, masika yakiisha watu huonekana wakizipaka rangi kuta za shule, zahanati na nyumba zao. Ukuta hung'aa miezi kadha. Masika ya pili yakija, madoa meusi na ya kijani hutokea mahali pale pale, wakati mwingine kwa umbo lile lile. Hapo fedha za wazazi zimekwisha kutumika, na mwalimu mkuu hana jawabu la kuwapa mkutanoni. Wengi husema ya kuwa rangi ilikuwa mbovu. Yawezekana, lakini mara nyingi ubaya haukuwamo katika kopo. Ukutani palikuwa na kitu kilicho hai, nacho kilifunikwa kabla hakijafa.

Kitu hicho ni kuvu. Mbegu zake ni ndogo kuliko vumbi, nazo huchukuliwa na upepo na kutua kila mahali, hata juu ya ukuta mkavu, ila haziwezi kuota pasipo maji na chakula. Zege lenyewe si chakula. Lakini vumbi la njiani, unga wa maua, na mafuta ya mimea yaliyomo katika rangi za mafuta, hivyo vyote huwa chakula chake. Tena si kila doa ni kuvu. Madoa mengi meusi na ya kijani ni mimea midogo mno ya jamii ya mwani, ambayo hutosheka na maji na mwanga tu. Kuna aina moja yenye rangi ya machungwa, na mafundi wengi huiona wakadhani ni kutu ya nondo! Dawa ya yote ni moja, basi katika somo hili nitayaita yote kuvu.

Labda msomaji atauliza, Mbona jengo jipya huwa safi miaka ya kwanza? Sababu ni ukali wa saruji. Saruji mpya ina ukali kama wa chokaa, na kuvu haiwezi kuustahimili. Lakini hewa na mvua huupunguza ukali huo kidogo kidogo, hata uso wa ukuta ukawa mpole, ndipo mbegu zinapopata makao.

Sasa tazama ni ukuta upi uliochafuka zaidi. Mara nyingi utakuta ni ule unaoelekea kusini. Kwa Dar es Salaam, tangu mwanzo wa Machi hata karibu katikati ya Oktoba, jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, na ukuta wa kusini huwa kivulini. Na katika miezi hiyo hiyo ndipo uvumapo upepo wa kusi, ukiipiga mvua ya masika juu ya ukuta ule ule. Hivyo hulowa kuliko kuta zote, tena huchelewa kukauka. Jua hatuwezi kuligeuza, lakini maji mengine tumeyaleta sisi wenyewe. Paa lisilo na michirizi humwaga maji chini, nayo hurukia ukuta na kuuchafua kimo cha magoti. Udongo wa bustani uliorundikwa ukutani hunyonywa maji yake na zege. Mwembe uliotanda juu ya paa huzuia upepo. Kizingiti cha dirisha kisichochongwa mfuo mwembamba upande wa chini huyaacha maji yateremke ukutani, na hapo ndipo ile michirizi miwili myeusi chini ya kila dirisha inapotoka. Atakayenunua rangi kabla ya kuyatengeneza hayo, afadhali azinunulie fedha zile mabati ya michirizi.

Kabla ya kutia dawa, hakikisha ugonjwa. Chukua dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, kama ile iuzwayo madukani kwa jina la Jik, uitie tone moja juu ya doa. Likififia kwa dakika moja au mbili, ni kuvu; likibaki jeusi vile vile, ni masizi au vumbi, nalo huoshwa kwa maji na sabuni. Kama uonacho ni unga mweupe uyeyukao katika maji, hiyo ni shura, yaani chumvi itokayo ndani ya ukuta. Shura huondolewa kwa brashi kavu, wala klorini haiidhuru. Kuonekana kwake ni dalili ya maji yapitayo ndani ya ukuta, nayo yapasa yatafutwe yatokako.

Kwa kuvu, changanya sehemu 1 ya dawa hiyo na sehemu 3 za maji. Tumia chupa mpya, kwa sababu klorini iliyokaa muda mrefu juani hupungua nguvu. Kwanza lowesha ukuta kwa maji matupu. Usiusugue mkavu hata kidogo, maana utapeperusha mbegu ukazipanda ukuta wa pili, nawe utazivuta kifuani. Kisha paka dawa ukianzia chini kwenda juu, ili isichore mistari, nayo ikae dakika 15 ikiwa majimaji. Ikianza kukauka, ongeza. Kwa hiyo kazi hii hufaa asubuhi au siku ya mawingu, wala si katika jua kali. Ndipo usugue kwa brashi ya nyuzi ngumu. Ya waya huacha vipande vya chuma vitakavyoshika kutu. Mwisho suuza kwa maji mengi tangu juu hata chini. Doa likibaki, rudia. Rangi ya zamani iliyobanduka ikwanguliwe ikiwa imeloweshwa, wala isipigwe msasa mkavu, kwa kuwa rangi nyingi za mafuta za zamani zilitiwa risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto.

Hapa yanipasa kusema jambo ambalo walimu wengine hawatalipenda. Kazi hii si ya wanafunzi. Ni desturi kuwapanga watoto kusafisha majengo ya shule, na kufagia ni vyema. Lakini klorini huunguza macho na kuchoma kifua. Ifanywe na mtu mzima aliyevaa glavu, miwani na nguo ya mikono mirefu. Tena isichanganywe kamwe na siki, wala ndimu, wala dawa ya kusafishia choo yenye asidi, wala kitu chenye amonia. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu iwezayo kuua mtu katika chumba kidogo. Ondoa bomba liingizalo maji ya mvua katika tangi, ulifunike tangi lenyewe, na uimwagie maji mimea iliyo karibu kabla ya kuanza na baada ya kumaliza. Wako watumiao mrututu badala ya klorini. Ni kweli huua kuvu, lakini huacha doa la buluu, hula mabati, na ukifika kijitoni huua samaki.

Ukuta ukiwa safi, ndipo watu wanapokosea zaidi, maana wauona mweupe wakadhani u tayari. Uso hukauka kwa saa chache, lakini ndani ya zege maji yangaliko. Ukiyafungia kwa rangi, yatatafuta njia ya kutoka, na rangi itatoka malengelenge. Basi ungoje siku kadha za jua, kisha uupime. Chukua kipande cha nailoni chenye nusu mita kila upande, ukibandike ukutani kwa utepe wa gundi kingo zote nne saa 12 jioni, na ukifungue saa 4 asubuhi. Ukikuta matone ndani yake au ukuta umepiga weusi, ngoja tena. Lipu mpya ingoje siku 28 kabla ya rangi. Kamati ikisema fedha lazima zitumike kabla ya mwezi kwisha, mwenyekiti na awaonyeshe nailoni hiyo yenye matone.

Katika kununua, chagua rangi ya maji iliyotengenezwa kwa kuta za nje, ambayo kopo lake limeandikwa kuwa ina dawa ya kuzuia kuvu. Dawa hiyo huchelewesha mbegu mpya. Haiwezi kuua kuvu iliyokwisha kushika chini yake. Paka mikono miwili myembamba, wala usiiongeze maji kupita kipimo ili itoshe ukuta mzima.

Mwenye fedha kidogo asiidharau chokaa. Ukali wake huua kuvu, na gharama yake ni ndogo, ingawa yataka kurudiwa mara kwa mara, kwa kuwa ukali huo huisha kama wa saruji. Hupakwa nyepesi kama maziwa, mikono mitatu au zaidi, juu ya ukuta ulioloweshwa kidogo, kinyume cha rangi. Haishiki juu ya rangi ya plastiki, na ikiingia jichoni hujeruhi vibaya. Lakini kwa nyumba za kale za mawe ya matumbawe, kama zile za Mji Mkongwe wa Unguja, chokaa si dawa ya maskini, ndiyo dawa yenyewe. Kuta zile zilijengwa zipumue. Maji huingia wakati wa mvua na kutoka wakati wa jua. Ukizifunika kwa saruji au rangi ya plastiki, maji hukwama ndani, chokaa iliyoshika mawe hulainika, na baada ya miaka michache lipu huanguka vipande vizima pamoja na rangi yake. Mwenye nyumba ya namna hiyo aliyekwisha kuipaka rangi ya plastiki, aikwangue upande ulioharibika zaidi kwanza, auache wazi kiangazi kizima, ndipo aanze chokaa.