Ahadi Huishi kwa Wanaoitimiza: Historia Fupi ya Katiba ya Burundi



Ndugu zangu, likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Buraza, nikamwambia babu kwamba tunasoma Ibwirizwa Shingiro, yaani Katiba. Akaniuliza: "Ipi? Mimi nimeziona nyingi." Nilipohesabu, nikapata sita, mbali na sheria za mpito.

Ya 1962 ilikuwa ya ufalme, chini ya Mwami Mwambutsa IV. Mwaka 1966 Kapteni Micombero akaufuta ufalme. Ya 1974 na ya 1981 zote zilikuwa za chama kimoja, UPRONA. Hii ya pili, ya wakati wa Bagaza, iliondolewa na mapinduzi ya 1987.

Ya Machi 1992 ilileta vyama vingi. Juni 1993 Melchior Ndadaye akachaguliwa kuwa Rais, na tarehe 21 Oktoba akauawa. Spika wa Bunge, ambaye Katiba ilimtaka akaimu nafasi hiyo, aliuawa pia. Vita vikafuata. Babu alimpoteza mdogo wake. Basi tujiulize: Katiba ile ilikosa nini? Maandishi yalikuwepo. Kilichokosekana ni watu wa kuyaheshimu.

Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000, uliosimamiwa na Nyerere na baada yake Mandela, ulizaa Katiba ya 2005. Serikali na Bunge viligawanywa: Wahutu asilimia 60, Watutsi 40, Seneti nusu kwa nusu, Batwa wakapewa viti vyao, na wanawake wasipungue asilimia 30. Ya 2018, iliyopitishwa kwa kura ya maoni, ilirefusha muhula wa Rais hadi miaka saba na kurudisha cheo cha Waziri Mkuu.

Sisi wanafunzi wa dini tunaijua Sahifa ya Madina. Mtume (s.a.w.) aliwaunganisha Muhajirina, Ansari na Mayahudi kwa mkataba ulioandikwa, kila kundi likiwa na haki na wajibu wake. Na Suratul Maida inaanza kwa kuwaamrisha waumini kutimiza ahadi. Amri hiyo haikumtaja mtawala peke yake.

Tuanzie hapa chuoni. Jumuiya yetu ina katiba yake. Ni wangapi kati yetu tumeisoma? Tunapochagua viongozi, je, tunaifuata, au tunatazama mtu anatoka mkoa gani? Anayevunja kanuni ndogo leo atavunja kubwa kesho.

Nilipoaga, babu alisema: "Mjukuu wangu, someni, lakini mtimize." Nami nawafikishia ninyi.

Wabillahi tawfiq.